Anayesoma Haoni Uso Wako: Hotuba Kuhusu Adabu ya Barua Pepe za Kazini

Kwa wote mlionitumia ujumbe kwamba hamkuweza kufika Jumamosi, hotuba yenyewe hii hapa, nzima, nimeiandika kama nilivyoiongea.

Ndugu zangu, asanteni sana kwa kuja, na nyie mliokaa nyuma kule sogeeni mbele kidogo maana sauti yangu leo haiko vizuri na haya mambo nataka kila mtu ayasikie.

Naanza na swali. Nani humu ndani ashawahi kupokea barua pepe ya kazi, akaisoma, mwili wote ukamchemka, akasema huyu mtu amenidharau, halafu siku akikutana naye ana kwa ana anakuta ni mtu mpole wala hana kinyongo? Nyosheni mikono. Haya, naona karibu wote. Swali la pili: nani ashawahi kuwa ndiye aliyeiandika hiyo barua? Mnaona mikono ilivyopungua? Lakini haiwezekani sote humu tumeumizwa halafu asiwepo hata mmoja aliyeumiza. Tumeumiza, ila hatujui, kwa sababu anayeumizwa na barua pepe hapigi kelele, anafunga tu kompyuta yake anaondoka na donge lake moyoni, na kazi yako inalala hapo hapo.

Ntawaambia yangu. Kuna wakati nilikuwa nakusanya ripoti za mwezi, na kuna dada tulikuwa tunafanya naye kazi, mchapakazi kweli kweli, siku hiyo ripoti yake ikachelewa nikamwandikia hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Ripoti bado sijaiona. Nitumie leo." Basi. Maneno matano. Sina hasira, sina chochote, nilikuwa naandika kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu. Hakujibu. Kesho yake asubuhi akaja mpaka mezani kwangu, macho mekundu, akaniwekea ripoti ameichapa kwenye karatasi akasema, "Kaka, niliituma juzi usiku nikiwa wodini na mwanangu, naona nilikosea herufi moja kwenye anwani, nisamehe sana." Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Mimi nimekaa pale kwenye kiti sina la kusema.

Sasa hebu fikirieni. Ningempigia simu, sauti yangu ingemwambia kwamba sina neno naye. Ningepita mezani kwake, angeona natabasamu, angesema ngoja nikueleze kaka. Lakini barua pepe haikubeba sauti, haikubeba tabasamu, ilibeba maneno matano, na maneno matano yakiwa peke yake ni amri. Anayesoma haoni uso wako, ndugu zangu. Narudia: anayesoma haoni uso wako.

Na hili si jambo langu na yule dada tu. Mwaka 1982 kule chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, watu walikuwa wanaandikiana kwenye kompyuta, mtu anatania, mwenzake anachukulia ni kweli, mpaka mwalimu mmoja anaitwa Scott Fahlman akapendekeza waweke nukta mbili, kistari na mabano, kile kiuso cha kucheka tunachokijua wote, ili msomaji ajue hapa ni utani. Yaani hata wale waliokuwa wa mwanzo mwanzo kabisa kwenye haya mambo waliliona tatizo. Na mwaka 2005 Justin Kruger na Nicholas Epley na wenzao walichapisha utafiti wao, waliwapa watu sentensi, nyingine za kejeli nyingine za kumaanisha, baadhi wazitume kwa barua pepe na wengine waziseme kwa sauti. Wale wa barua pepe waliamini kabisa kwamba wataeleweka vizuri tu, kumbe wasomaji walipatia kidogo tu zaidi ya nusu. Zaidi kidogo ya nusu! Hapo si kuelewa tena, ni kama kurusha sarafu. Na lililonigusa mimi ni kwamba walioandika hawakuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu wakati unaandika sauti yako unaisikia kichwani, unadhani na mwenzako anaisikia.

Kwa hiyo tunafanyaje? Kiswahili chetu kinatusaidia sana hapa kuliko tunavyojua. Angalieni neno moja tu: "nitumie". Kwa mdomo, "nitumie basi" ukilivuta kidogo linakuwa ombi, linakuwa hata la upendo. Kwa maandishi linabaki kavu. Ongeza neno moja, "naomba unitumie", tayari uso umerudi. Ukiwa unamwandikia mtu usiyemjua, au jambo lenyewe zito, "ningeomba unitumie" au "ningeshukuru kama ungenitumia", hiyo "nge" inamwachia mtu nafasi ya kusema hapana bila kuona haya. Hiyo nafasi ndiyo heshima yenyewe. Mtu akiwa na nafasi ya kukataa akakubali, anakufanyia kazi kwa moyo. Sawa? Ila isizidi. Nimeona mtu kaandika "ningependa kuomba kama ingewezekana labda ungeweza", jamani, hapo msomaji anaanza kukutilia shaka, anajiuliza huyu kuna nini anaficha.

Na hapo ndipo naingia kwenye jambo la pili, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote ya leo, kwa hiyo mnivumilie nitakaa nalo kidogo.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba barua ya heshima ni barua ya kunyenyekea. Ukinyenyekea zaidi, heshima zaidi. Mimi nasema hapana. Heshima ya barua ya kazi ni kumrahisishia mtu kazi yake. Hiyo ndiyo heshima. Muda wake, macho yake, akili yake, hivyo ndivyo unavyovichukua ukimwandikia, sasa unavichukua kwa adabu au unavipora?

Kuna bwana mmoja, fundi mzuri sana, ana kampuni yake ndogo, alimaliza kazi ya watu malipo yakawa hayatoki. Akaandika barua pepe. Akaja kwangu analalamika, wiki ya tatu hii hawajanijibu, hawa watu wana dharau. Nikamwambia nionyeshe ulivyoandika. Kwanza kichwa cha habari: "Salamu". Ndani inaanza, "Kwa heshima na taadhima natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya njema pamoja na familia yako na wafanyakazi wenzako wote, lengo na madhumuni ya kukuandikia barua hii ni kama ifuatavyo," halafu aya nzima ya historia ya kampuni yake, halafu aya ya kuwashukuru kwa kumwamini, na malipo? Malipo yako mstari wa mwisho kabisa, "pia nakumbushia lile suala letu." Suala gani? Ankara namba ngapi? Ya lini? Hakusema, kwa adabu! Alionea haya kutaja.

Nikamuuliza, huyo meneja unadhani anasoma barua zako wapi? Anasoma kwenye simu, yuko kwenye foleni ya lifti, ana barua sitini hazijasomwa, anaona "Salamu", anafungua anaona natumai u mzima wa afya, anasema moyoni huyu ananisalimia, nitamjibu nikitulia. Na kutulia hakuji. Hakukudharau, hakujua tu unataka nini.

Tukakaa tukaiandika upya pale pale. Kichwa cha habari tukaweka: "Ombi la malipo, ankara namba 47 ya tarehe 3". Mtu akiona hicho tu hata kabla hajafungua anajua. Ndani tukaandika hivi, nasoma taratibu:

"Habari za kazi," halafu jina lake. "Naandika kufuatilia malipo ya ankara namba 47 tuliyowatumia tarehe 3, ambayo muda wake wa kulipwa ulikwisha wiki iliyopita. Nimeiambatanisha tena hapa ili isikusumbue kuitafuta. Naomba unifahamishe kama kuna kitu kimepungua upande wetu, au kama malipo yapo njiani tunaweza kuyategemea siku gani. Nashukuru sana kwa ushirikiano wako." Jina lake kamili, kampuni yake, namba ya simu. Mwisho.

Angalieni ule mstari, "kama kuna kitu kimepungua upande wetu". Hiyo ndiyo adabu ninayoisema. Hajasema mmekataa kunilipa, kamfungulia mwenzake mlango wa kutokea bila aibu. Na ule wa "nimeiambatanisha tena", hiyo ni heshima kuliko taadhima kumi, kwa sababu kampunguzia mtu dakika kumi za kupekua. Alijibiwa siku hiyo hiyo jioni. Na kumbe kweli kulikuwa na kitu kimepungua, ankara ya kwanza haikuwa na namba ya akaunti! Wiki tatu watu wanasubiriana, huyu anasema wana dharau, wale wanasema huyu mbona hatuletei akaunti.

Simaanishi msisalimie, msije mkanielewa vibaya. Mtu wetu asiposalimiwa anashtuka, na barua inayoanza na jambo bila hata "habari" inasomeka kama notisi ya kuhamishwa. Salimia, ila mstari mmoja. Halafu taja jina lake, na jina liandike vizuri, ngoja nilisisitize hili, jina la mtu liandike vizuri. Ukikosea jina la mtu herufi moja, hiyo barua iliyobaki yote anaisoma huku anafikiria kwamba hata jina lake hukulitazama, na lilikuwa pale pale kwenye anwani yake. Kama hujui ni bwana au bibi, andika majina yake yote mawili kama yalivyo, usibahatishe. "Mkuu", "bosi", "mpendwa" waachie watu unaofahamiana nao. Ukianza na mgeni anza na urasmi, halafu angalia anavyosaini yeye. Akisaini jina lake la kwanza tu, kakuruhusu, nawe lilegeze. Kulegeza baadaye ni rahisi. Kukaza baada ya kuwa umeshamwita mtu "kaka mambo vipi" ni ngumu sana.

Na ile "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", ndugu zangu, tuiache ipumzike. Haisemi kitu. Mtu ameshakisoma kichwa cha habari, ndiyo maana yuko humu ndani.

Kuna nyingine inaniuma zaidi: "samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Umemchelewesha mtu siku nne halafu unamwambia usumbufu wowote, kama vile hujui kama ulijitokeza au haukujitokeza. Ulijitokeza! Sema, "Samahani, tulikuahidi Jumatatu tumeleta Ijumaa, najua umelazimika kuwasubirisha wateja wako." Taja kosa, taja lilivyomgharimu, sema umefanya nini. Mistari mitatu tu. Watu wanaogopa kutaja kosa kwa maandishi, lakini mimi katika miaka yote niliyofanya kazi na wateja sijaona mteja aliyekasirika zaidi kwa sababu ametajiwa kosa letu kwa uwazi. Niliyemwona akikasirika ni yule aliyeombwa samahani ya jumla jumla.

Haya, jambo la tatu, barua inasafiri. Mnajua ile CC imetoka wapi? Zamani za mashine za taipu, ukitaka nakala mbili unaweka karatasi ya kaboni katikati, ukipiga herufi juu inatokea na chini, ndiyo hiyo nakala ya kaboni, kwa Kiingereza herufi zake ndizo CC. Kwa hiyo kumweka mtu CC maana yake ni kumpa nakala ajue tu, hadaiwi jibu. Sasa sisi tumeigeuza fimbo. Umemwandikia mwenzako mara moja hajajibu, barua ya pili unamweka bosi wake CC. Hujasema neno baya hata moja, lakini umemshtaki, na yeye anajua umemshtaki, na bosi anajua. Inafika mahali inabidi, sikatai. Lakini mwandikie kwanza mwenyewe tena, au mpigie, halafu ukiona imeshindikana mwambie ndani ya barua waziwazi kwamba "nimemwongeza meneja ili atusaidie kuamua." Ukisema unachofanya na kwa nini, fimbo imeshuka.

Na kitufe cha "jibu wote", jamani. Kuna ofisi moja, siitaji, kijana alitakiwa awataarifu wateja kwamba huduma itasimama kwa siku mbili. Akawapanga wote kwenye sehemu ya mpokeaji, watu zaidi ya mia, kila mmoja anaona anwani za wenzake. Hilo peke yake ni kosa, anwani ya mtu amekupa wewe, hakukupa uigawe. Saa hiyo hiyo mteja mmoja akabonyeza jibu wote akauliza deni lake, akalitaja kiasi chake, mbele ya wote hao. Mwingine akajibu wote akiomba aondolewe. Wa tatu akajibu wote akiwaambia waache kujibu wote. Kijana wa watu alikaa siku nzima anawapigia simu mmoja mmoja kuomba radhi. Na dawa yake ilikuwa ipo pale pale chini ya CC, ile BCC, nakala fiche, unaweka wote humo kila mtu anaona yake peke yake.

Mwaka 1971 Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwenye mtandao, na ndiye aliyechagua ile alama ya @ tunayoitumia mpaka leo. Alipoulizwa baadaye aliandika nini, alisema hakumbuki, ilikuwa ya majaribio tu, herufi za kubonyeza bonyeza. Mwandishi husahau, ndugu zangu. Lakini zetu zinahifadhiwa. Ile uliyomwandikia mtu ukiwa umechoka, yeye anayo. Anaweza kuitafuta miaka mitatu baadaye kwa kuandika jina lako tu. Anaweza kuipeleka kwa mtu ambaye wewe hujawahi hata kumwona. Kwa hiyo mimi kabla sijabonyeza tuma najiuliza swali moja: hii ikisomwa kwa sauti kwenye kikao, mimi nikiwepo, nitainua kichwa au nitaangalia chini?

La mwisho, hasira. Hapa naombeni utulivu.

Mteja mmoja aliniandikia kazi yetu ni ya ovyo. Neno hilo hilo, ovyo. Na aliandika kwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho, na herufi kubwa kwenye maandishi ni kelele, hilo lilishaandikwa tangu mwaka 1995 kwenye mwongozo wa adabu za intaneti unaoitwa RFC 1855. Nilikuwa nimekesha kwenye kazi yake siku mbili. Nikaandika jibu, jibu zuri, lenye hoja, kila sentensi ina mwiba wake, na kila mwiba nimeufunga kwa "kwa heshima", mnazijua hizo. Kilichoniokoa ni mazoea niliyokuwa nayo, na nawaomba muyachukue leo hii hii: anwani ya mpokeaji naijaza mwisho. Barua isiyo na anwani haiendi hata kidole kikiteleza. Nikaiacha pale nikaenda kulala. Mwongozo ule ule nao unasema hivyo hivyo, jibu lenye jazba lisubiri mpaka kuche.

Kumekucha, nikaisoma ya kwake tena. Ndugu zangu, nusu ya aliyosema ilikuwa kweli. Kurasa mbili zilikuwa na namba za mwezi uliopita, na nilizipitisha mimi. Usiku sikuziona, niliona lile neno tu. Nikafuta yangu yote, nikaandika: "Asante kwa kutuambia. Umesema kweli kuhusu ukurasa wa 4 na wa 9, namba ni za mwezi uliopita na kosa ni langu. Zilizosahihishwa nimeziambatanisha hapa. Kuhusu ukurasa wa 12, namba tulizichukua kwenye faili mlilotutumia tarehe 10, naomba tuzipitie pamoja kwa simu leo au kesho, saa utakayochagua wewe." Angalieni, ukurasa wa 12 sikumwachia, nilikuwa na haki pale na nimeisema. Adabu si kukubali kila kitu. Alinipigia mwenyewe baada ya nusu saa, akaanza na "samahani kwa jana."

Na msitegemee sana kile kitufe cha kutengua barua uliyokwisha kuituma. Gmail inakupa sekunde 30 kwa wingi wake, na usipoiongeza mwenyewe kwenye mipangilio ni sekunde 5. Hasira ya nani inaisha kwa sekunde 5?

Madogo madogo napita haraka. Kiambatisho kiweke kabla hujaandika maneno, utaepuka ile barua ya pili ya "samahani nimesahau kuambatanisha". Faili lipe jina linaloeleweka kwa mpokeaji, wanaoomba kazi nawasemesha nyie, "cv mpya ya mwisho 2" kwako ina maana, kwa mwenye mafaili mia mbili haina, weka jina lako na nafasi unayoomba. Faili zito, Gmail inakomea megabaiti 25, tuma kiungo. Emoji kwa mgeni, hapana, subiri aanze yeye. Na ukipata jibu ulilokuwa unalitaka, rudisha "nimepokea, asante", maneno mawili, maana kuna mtu huko anajiuliza kama ilifika.

Sasa toeni simu zenu. Fungueni barua pepe ya kazi ya mwisho mliyotuma, ya mwisho kabisa, msichague iliyo nzuri. Isomeni kimya kimya kama vile nyie ndiyo mmetumiwa, na anayewatumia hamumjui. Mpeane dakika tano. Halafu aliye tayari kutusomea ya kwake anyanyue mkono tuirekebishe pamoja hapa mbele, na mimi naanza na yangu ya jana asubuhi.